SOMO LA AFYA: JINO LIMETIBIWA, MBONA BADO LINAUMA?

Leo tutasoma habari za jino lililotibiwa mzizi.

Watu wengi vijijini wanajua dawa moja tu ya jino bovu, nayo ni kung'oa. Lakini katika baadhi ya hospitali zetu yako matibabu mengine. Mganga wa meno hulisafisha jino ndani mpaka kwenye mzizi, kisha huliziba. Jino hubaki kinywani, na mwenyewe huendelea kutafuna nalo.

Matibabu haya ni mazuri. Ila liko jambo moja linalowasumbua watu. Mtu anatoka hospitali akidhani amekwisha pona. Usiku ganzi inaisha, anaanza kuumwa. Hapo ndipo watu hukosea. Mmoja anameza vidonge ovyo mpaka anaharibu ini lake. Mwingine anakasirika, anakwenda kung'oa jino ambalo lingepona. Mwingine anavimba taya na shingo, lakini anavumilia nyumbani akisema, "Ni maumivu ya kawaida tu." Huyu wa mwisho anaweza kufa.

Basi madhumuni ya somo hili ni moja. Tumejifunza kusoma herufi na tarakimu. Sasa tujifunze kusoma maumivu. Maumivu yanayoshuka siku hata siku ni kupona. Maumivu yanayopanda ni wito wa kurudi hospitali.

1. JINO LIKOJE NDANI

Tazama jino kwa nje. Ni jeupe na gumu kama jiwe. Lakini ndani yake kuna chumba kidogo chenye nyama laini. Katika nyama hiyo mna mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Sisi tutaiita kiini cha jino. Kiini hicho hushuka ndani ya mzizi kwa njia nyembamba mno kama uzi.

Meno ya mbele kwa kawaida yana mzizi mmoja. Magego yana mizizi miwili au mitatu. Ndiyo maana kutibu gego huchukua muda mrefu zaidi.

Jino linapooza, tundu huanza kwa nje. Usipoliziba mapema, tundu huchimba mpaka kwenye kiini. Vijidudu vikiingia humo, kiini huvimba. Lakini ndani ya jino hakuna nafasi ya kuvimbia, maana kuta zake ni ngumu. Hapo ndipo yanapotokea yale maumivu yanayomkosesha mtu usingizi.

Baadaye kiini hufa. Maumivu yanaweza kukoma ghafla, na mtu hufurahi akidhani amepona. Kumbe vijidudu vinaendelea kushuka, na usaha hutunga kwenye ncha ya mzizi, ndani ya taya.

2. MGANGA WA MENO ANAFANYA NINI

Kwanza anapiga sindano ya ganzi. Kisha anatoboa jino kwa juu, anatoa kiini kilichooza, na anasafisha njia za mizizi kwa vyuma vyembamba kama sindano. Anaziosha kwa dawa ya kuua vijidudu na kuzikausha. Halafu anazijaza kwa kitu kinachofanana na mpira mgumu, ambacho asili yake ni utomvu wa miti ya nchi za Mashariki ya Mbali. Mwisho anaziba tundu kwa juu.

Kazi hii inaweza kumalizika siku moja. Mara nyingine huhitaji safari mbili au zaidi. Katikati ya safari hizo mganga huziba jino kwa dawa ya muda tu. Ukisikia harufu ya karafuu mdomoni usishangae. Mafuta ya karafuu hutuliza jino, na waganga wa meno huyachanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuzibia kwa muda.

3. KWA NINI LINAUMA BAADA YA KUTIBIWA

Hebu tusome mazungumzo haya ya mganga wa meno na mzee mmoja mkulima. Mzee amerudi hospitali siku ya pili baada ya kutibiwa.

Mganga: Shikamoo mzee.

Mzee: Marahaba mwanangu. Lakini nimekuja na lawama.

Mganga: Lawama gani tena, mzee wangu?

Mzee: Jana uliniambia mshipa wa jino umekwisha kuutoa. Sasa mbona usiku nimeumwa? Kinauma nini, kama mshipa haupo?

Mganga: Mzee, umewahi kuchomwa na mwiba shambani?

Mzee: Mara nyingi.

Mganga: Ukiisha kuutoa mwiba, mguu unapona saa ile ile?

Mzee: Aa, wapi! Unaweza kuchechemea hata siku tatu.

Mganga: Na mwiba haupo?

Mzee: Mwiba haupo, lakini nyama imeumia.

Mganga: Basi na jino ni hivyo hivyo. Mwiba tumeutoa. Lakini jino limeshikwa katika taya kwa nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo zina fahamu zake. Zilikuwa zimekwisha umizwa na vijidudu, na jana vyuma vyetu vimezigusa. Ndizo zinazouma, hasa ukitafuna. Je, leo yanauma kuliko jana usiku?

Mzee: Hapana. Leo afadhali.

Mganga: Basi unapona, mzee. Lakini yakigeuka yakaanza kuzidi, usingoje. Njoo siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, angalia vizuri swali la mwisho la mganga. Hakuuliza tu, "Unaumwa?" Ameuliza, "Yanauma kuliko jana?" Hilo ndilo swali la kujiuliza kila siku.

4. SAA ZA KWANZA: ANGALIA GANZI

Ganzi hukaa muda wa saa mbili mpaka nne, pengine zaidi. Wakati huo mdomo, ulimi na shavu havisikii kitu. Usile mpaka ganzi iishe. Mtu anaweza kuuma shavu lake mpaka likatoka damu asijue. Usinywe chai ya moto, utaungua bila kusikia. Maji ya kunywa si vibaya.

Mganga akikuruhusu kumeza dawa ya maumivu, meza kabla ganzi haijaisha kabisa. Dawa itakuwa imeanza kazi kabla maumivu hayajapanda.

5. ANDIKA MAUMIVU KATIKA DAFTARI

Watu wengi huumwa siku mbili au tatu, halafu maumivu hupungua. Ikifika juma moja huwa yamekwisha, au yamebaki kidogo tu wakati wa kutafuna. Uchungu huo mdogo wa kutafuna unaweza kukaa majuma kadhaa.

Lakini mtu akiumwa husahau. Leo anaona leo ndiyo mbaya kuliko jana, hata kama si kweli. Kwa hiyo tumia kisomo chako. Chukua daftari na kalamu. Kila jioni, saa ile ile, andika maumivu yako kwa tarakimu. Sifuri (0) maana yake huumwi kabisa. Kumi (10) maana yake ni maumivu makali kuliko yote unayoyajua.

Tazama daftari la mgonjwa wa kwanza:

Siku ya 1: 6
Siku ya 2: 5
Siku ya 3: 3
Siku ya 4: 2
Siku ya 5: 1

Tarakimu zinashuka. Huyu anapona. Hana haja ya kuhangaika.

Sasa tazama daftari la mgonjwa wa pili:

Siku ya 1: 5
Siku ya 2: 3
Siku ya 3: 5
Siku ya 4: 8

Tarakimu zilishuka, kisha zikapanda. Huyu arudi hospitali. Asingoje siku ya 5. Na aende na daftari lake, maana litamsaidia mganga kuliko maneno mengi.

6. KUSOMA BAHASHA YA DAWA

Dawa ya maumivu inayotumika sana ni parasetamoli. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 500, yaani mg 500. Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili kwa mara moja. Akiisha kumeza, angoje saa sita kabla ya kumeza tena. Kwa siku nzima, mchana na usiku, asizidishe vidonge 8. Kwa mfano, ukimeza saa 12 asubuhi, mara ya pili ni saa 6 mchana, ya tatu saa 12 jioni, na ya nne saa 6 usiku.

Bahasha ya dawa huandikwa namna hii: 2 x 3. Maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Jumla ni vidonge 6. Usisome ukadhani ni vidonge vitatu mara mbili, wala usikusanye vyote ukameza mara moja.

Hatari kubwa iko hapa. Dawa moja huweza kuwa na majina mengi. Panadol ni parasetamoli. Vidonge vingi vya mafua na vya kichwa vina parasetamoli pia. Mtu anameza vya hospitali, kisha ananunua vingine dukani vyenye jina jingine. Anadhani ni dawa mbili, kumbe ni ile ile. Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na mtu anaweza kufa siku chache baadaye. Kwa hiyo soma maandishi madogo kwenye paketi. Tafuta neno parasetamoli, hata kama limeandikwa kwa Kiingereza linafanana. Ukiona limo katika paketi zote mbili, acha moja.

Dawa nyingine ni ibuprofeni. Hii hutuliza uvimbe pia. Mezwa yake ni baada ya kula. Lakini haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mama mjamzito. Mwenye pumu aulize kwanza. Mganga anaweza kukupa dawa hizi mbili pamoja, maana zinasaidiana. Hapo fuata alivyoandika.

Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye mwili mdogo sana, na mnywaji wa pombe kila siku, wamweleze mganga kabla ya kupewa dawa. Mtoto asipewe kipimo cha mtu mzima.

Je, zile dawa za kuua vijidudu, kama amoksilini? Hizo si dawa za maumivu. Mganga huzitoa kama kuna uvimbe unaoenea au homa. Usinunue mwenyewe dukani, wala usimeze zilizobaki za jirani. Ukipewa na mganga, meza kwa siku zote alizokuandikia.

7. MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Siku ya kwanza, chovya kitambaa safi katika maji baridi, ukiweke juu ya shavu kwa dakika 15. Pumzika, kisha rudia. Usikande kwa maji ya moto shavu lililovimba.

Usiku, inua kichwa kwa mito miwili. Ukilala kichwa kikiwa chini, damu hujaa na jino hupwita zaidi.

Sukutua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, jaza glasi moja na utie nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sukutua mara tatu au nne kwa siku, kisha tema. (Angalia: aliyeng'olewa jino asisukutue siku ya kwanza, ili damu iliyoganda isitoke.)

Kula vyakula laini: uji, ndizi zilizopondwa, maharage yaliyoiva sana, mchuzi na ugali laini. Tafunia upande wa pili. Acha kwanza muwa, mahindi ya kuchoma, kashata na mifupa. Usifungue chupa kwa meno, siku hizo wala siku nyingine.

Endelea kupiga mswaki asubuhi na usiku, polepole, hata kwenye jino lililotibiwa. Wengine huogopa kuligusa. Uchafu ukibaki, fizi huvimba na maumivu huongezeka.

Acha sigara na ugoro. Pombe nayo uiweke kando wakati unameza dawa.

Sasa mambo ya kukataa kabisa. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya fizi. Huunguza nyama na kuacha kidonda. Usitie maji ya betri wala petroli. Hata mafuta makali ya karafuu usiyamwage mwenyewe kwenye fizi. Mganga anajua kipimo, wewe hujui.

8. DALILI ZA KURUDI HOSPITALI

Rudi hospitali ukiona moja ya haya:

(a) Maumivu yanapanda baada ya siku ya tatu, au dawa haiyagusi kabisa.
(b) Dawa ya kuzibia imedondoka.
(c) Ukifunga mdomo, jino lililotibiwa linagonga kabla ya mengine. Mganga atalipunguza kidogo kwa juu, ni kazi ya dakika chache.
(d) Mdomo au ulimi bado una ganzi siku ya pili.
(e) Mwili unawasha au umetoka vipele baada ya kumeza dawa. Acha dawa hiyo kwanza.

Lakini zifuatazo ni dalili za hatari kubwa. Usingoje kukuche. Nenda hospitali usiku huo huo:

(a) Uvimbe unaenea chini ya taya, shingoni au kuelekea jichoni.
(b) Una homa na kutetemeka.
(c) Huwezi kufungua mdomo.
(d) Huwezi kumeza hata mate.
(e) Unapumua kwa shida, au ulimi umeinuka juu.

Usaha wa jino ukishuka chini ya ulimi na shingoni, uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa. Mtu anaweza kufa kwa muda mfupi. Hapo si wakati wa kutafuta mizizi ya porini wala kubishana amerogwa na nani. Ni wakati wa kutafuta usafiri.

9. MAUMIVU YAKIISHA, KAZI HAIJAISHA

Ndugu msomaji, sasa tufike mahali ambapo wengi huanguka. Si wakati wa maumivu. Ni wakati maumivu yamekwisha.

Mama mmoja ameziba jino kwa dawa ya muda. Ameambiwa arudi baada ya majuma mawili. Siku ya nne haumwi tena. Shamba linamngoja, nauli ni ghali, basi linaondoka alfajiri. Anasema, "Nirudi kufanya nini, nami nimepona?" Utasema anakosa akili? Hapana. Sababu zake zote ni za kweli. Lakini dawa ya muda ni ya muda tu. Ikikaa mno huvuja au huvunjika, vijidudu huingia tena, na kazi yote hurudi mwanzo. Tena jino lililotolewa kiini na kutobolewa huwa dhaifu. Gego likitafuna bila kuzibwa imara, au bila kuvishwa kofia, linaweza kupasuka mpaka kwenye mzizi. Likipasuka hivyo, hakuna njia ila kung'oa. Fedha za mwanzo zimepotea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza matibabu, muulize mganga mambo matatu na uyaandike katika daftari lako:

(a) Nitakuja mara ngapi?
(b) Gharama ya safari zote ni kiasi gani, mpaka jino lizibwe kabisa?
(c) Jino hili litahitaji kofia?

Ukiona huwezi kumaliza, usione haya. Mwambie mganga mapema. Pengine atapanga upya siku zako, au mtakubaliana kuling'oa. Jino lililong'olewa vizuri ni salama kuliko jino lililotibiwa nusu.

SOMENI PAMOJA

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikutana vikundi vikundi kusikiliza redio na kusoma habari za malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Baadaye walijadiliana na kuamua la kufanya. Fanyeni hivyo hivyo na somo hili. Mmoja asome, wengine wasikilize.

MAANA YA MANENO

Fizi: nyama inayoshika meno.
Ganzi: hali ya kutosikia maumivu baada ya sindano.
Gego: jino la nyuma la kusagia chakula.
Kofia ya jino: kifuniko kigumu kinachovishwa jino ili lisipasuke.
Kupwita: kuuma kwa kupigapiga kama mapigo ya moyo.
Usaha: majimaji mazito yanayotoka kwenye jipu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Jino likiacha kuuma ghafla kabla ya kutibiwa, je, limepona? Elezeni.
2. Kwa nini mganga alimwuliza mzee habari za mwiba?
3. Jirani yenu amevimba chini ya taya na hawezi kumeza mate. Ni saa 5 usiku. Kijiji chenu kitafanya nini? Nani ana chombo cha usafiri?
4. Tungewezaje kumsaidia yule mama arudi hospitali kumalizia jino lake?

HESABU

1. Bahasha imeandikwa 2 x 3 kwa siku 3. Vidonge vyote ni vingapi?
2. Mgonjwa amemeza vidonge 6 vya parasetamoli vya mg 500 kutoka hospitali, na vidonge 4 vya Panadol vya mg 500 kutoka dukani, siku moja. Amezidisha vidonge vingapi?
3. Umemeza parasetamoli saa 2 usiku. Saa ngapi utaweza kumeza tena?

Majibu: (1) Vidonge 18. (2) Vidonge 2. Huyu aende hospitali leo, hata kama hasikii vibaya. (3) Saa 8 usiku.